Kinywaji cha majani: laini na baridi, bila frigo

Ndugu wakulima, lengalenga tunalima, avoka zinaanguka chini ya mti, lakini watoto wengi wanakataa mboga. Basi tuwape kwa kikombe.

Vitu vya kutafuta: majani machanga ya lengalenga ya kujaa mikono 2, ndizi mbivu 2, nusu ya avoka, marakuja 2, vikombe 2 vya maji.

Namna ya kufanya:

1. Jioni, chemsha maji, yapoe, uyatie katika mtungi wenye kifuniko. Zungushia kitambaa chenye maji, weka mahali penye upepo. Kitambaa kikikauka kinaondoa joto, kilowanishe tena. Asubuhi maji ni baridi.

2. Osha majani, yachemshe dakika 5, mwaga maji yale.

3. Twanga majani peke yake mpaka yalainike kabisa. Ndipo uongeze ndizi na avoka. Avoka ndiyo inaleta ulaini.

4. Tia maji ya marakuja na ya mtungi, koroga, chuja. Marakuja inasaidia mwili kupokea madini ya chuma ya majani.

Angalisho! Usitie sombe hata kidogo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu; yanataka kutwangwa na kupikwa sana. Kinu cha sombe kioshwe vizuri kwanza.

Kinywaji kiishe siku ile ile. Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.

Swali la kikundi: kwenu nani anachuma majani? Huyo amesikia habari hii ya sombe?