Nyota Nazo Zina Vijiji

Mtu asimamaye usiku katika uwanda wa Himo, akielekeza macho mlimani, huona taa za Kilema, Marangu na Mwika. Zilizo karibu aweza kuzihesabu moja moja. Zilizo mbali huungana zikawa kama ukungu wenye mwanga. Lakini ukungu ule ni nyumba za watu. Kwa mfano huo twaweza kuelewa jinsi nyota zilivyopangwa.

Tuanze na Kilimia, ambacho wazee wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima. Jicho laona nyota sita au saba. Kumbe ni kundi la nyota zaidi ya 1,000 zilizozaliwa pamoja. Hicho ni kitongoji tu. Kilimia, na jua letu pia, vimo ndani ya mji mkubwa uitwao galaksi. Galaksi yetu ni Njia ya Maziwa, yenye nyota zisizopungua bilioni 100. Nuru, iendayo kilometa 300,000 kwa sekunde moja, huhitaji miaka kama 100,000 kuivuka.

Je, iko miji mingine? Mwezi wa Desemba, yapata saa mbili usiku, mbingu ikiwa safi, tazama kaskazini, juu kuliko mlima. Utaona kijiwingu hafifu: ndiyo Andromeda. Al-Sufi wa Uajemi alikiandika kitabuni mwaka 964. Baadaye wataalamu walibishana sana: je, kijiwingu hiki ki karibu, au ni galaksi ya mbali?

Mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha kwamba ziko nyota ambazo nuru yake huongezeka na kupungua, na muda wa mageuzi hayo hufunua nguvu yake ya kweli. Naye ajuaye nguvu ya taa aweza kukadiria umbali wake. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliona nyota ya namna hiyo katika Andromeda, na ubishi ukakatika: ni galaksi nyingine. Nuru tuionayo leo iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita. Nazo galaksi hukaa kwa makundi, kama vijiji katika wilaya.

Lakini taa za njia panda zaongezeka, na wako watoto wasioweza kukuonyesha hata Kilimia. Enyi wazazi, elimu hii haidai ada. Usiku mmoja zimeni taa, mtoke nao uani, mkawaonyeshe.