Namba ya miwani inapanda kila mwaka

SWALI: Daktari, binti yangu yuko darasa la nne. Alianza miwani ya -1.00, mwaka jana ikawa -1.75, sasa -2.50. Jirani anasema miwani ndiyo inayomharibu macho, nimwachishe. Ana wadogo zake wawili, nao nawahofia. Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, usimwachishe, wala usikubali apewe miwani ya namba pungufu. Utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha namba za watoto waliopewa miwani pungufu zilipanda kwa kasi kuliko za waliopewa namba kamili.

Kinachopandisha namba ni jicho lenyewe kurefuka kwenda nyuma, hata taswira ikatua kabla ya kuifikia retina. Milimita moja ya ziada ni karibu namba tatu. Jicho likirefuka sana, retina hutanuka na huweza kuja kubanduka ukubwani, ndiyo maana sipendi tuishie kubadilisha lenzi tu kila mwaka.

Miwani ya kawaida huweka sawa taswira ya katikati, lakini pembeni mwa retina mwanga huangukia nyuma yake, na inaelekea jicho la mtoto huufuata huko. Watafiti wa Hong Kong Polytechnic University pamoja na kampuni ya Hoya walitengeneza lenzi ya kulizuia. Iinamishe dirishani utaona mamia ya vidoa, kila kimoja kama milimita moja, vimepangana mithili ya sega la nyuki kuzunguka duara safi la katikati. Mtoto husomea kwenye duara. Vidoa huvuta sehemu ya mwanga mbele ya retina. Katika jaribio la miaka miwili lililokamilishwa na watoto 160, namba za walioivaa zilipanda kwa takriban nusu ya kasi ya wenzao. Haishushi namba iliyokwisha kupanda, na bei yake si ndogo. Muulize mtaalamu wako kama anaweza kuipata, au kama matone ya atropini ya nguvu ndogo yanamfaa.

Kwa wadogo zake, dawa ni jua. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za kutoka nje kila siku zilipata, baada ya miaka mitatu, watoto 30 katika kila 100 wenye tatizo hili la kutoona mbali, dhidi ya karibu 40 kwingineko. Wakirudi kutoka shuleni, waache wacheze uani kwanza, daftari lisubiri.

Na kliniki yenye mashine ya kupima urefu wa jicho ukiipata, omba binti apimwe, uitunze karatasi ya majibu kwa ajili ya kulinganisha baada ya miezi sita.