Tafi na Majina Yake ya Kitaalamu

Mvuvi wa pwani avutapo lema lake humtambua tafi mara moja, naye hamshiki ovyo, kwa kuwa miiba yake ina sumu. Wengine humwita tasi. Majina hayo yatosha sokoni, lakini mtaalamu wa Mombasa akimwandikia mwenzake wa Australia, hayatafahamika. Kwa sababu hiyo wataalamu wa dunia nzima hutumia jina la Kilatini lenye maneno mawili: la kwanza ni la jamii, la pili ni la aina yenyewe. Utaratibu huo katika majina ya wanyama huhesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus wa Sweden cha mwaka 1758.

Tafi wetu ni Siganus sutor. Siganus latokana na Kiarabu. Sutor ni Kilatini, maana yake mshona viatu. Mfaransa Valenciennes ndiye aliyempa jina hilo la sutor mwaka 1835.

Makosa ya majina ni ya namna mbili. Kwanza, aina moja hupewa majina mawili. Mwaka 1797 Mungo Park, yule msafiri wa mto Niger, alimwita samaki mmoja wa Sumatra canaliculatus. Mwaka 1801 aina hiyo hiyo ikapewa jina la oramin. Kanuni yasema kwamba jina lililotangulia ndilo lishikwalo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: jina la haki la samaki mmoja kubandikwa juu ya mwingine. Kwa miaka mingi maandishi ya Afrika Mashariki yalimwita tafi wetu canaliculatus au oramin, kwa kuwa wafanana mno. Kumbe huyo ni ndugu yake, akaaye tangu Ghuba ya Uajemi na Oman kwenda mashariki. Sutor hukaa magharibi ya Bahari ya Hindi tu.

Labda utauliza, kosa hili lamdhuru nani? Lamdhuru mvuvi. Atakaye kujua tafi hutaga mayai miezi gani, ili apangiwe majira ya kupumzishwa, akifuata jina lisilo lake atasoma habari za samaki wa bahari nyingine, na sheria itakayotungwa itakosa shabaha.

Basi usomapo kitabu cha zamani, usitazame jina peke yake. Uliza pia samaki huyo alivuliwa wapi.