Picha Zisizo Wazi na Hulka ya Mgonjwa: Somo kutoka Ukanda wa Dhahabu

Utangulizi

Katika vituo vya afya vya Geita na Shinyanga hufika wachimbaji wadogo ambao jamaa zao husema wamebadilika tabia: hukasirika upesi, hawalali, husahau na hukwepa watu. Je, vipimo vya kisaikolojia vya picha vinaweza kueleza kilichowapata?

Vipimo hivi ni nini?

Anayepimwa huoneshwa kitu kisicho na maana moja, kisha huulizwa anaona nini. Kwa kuwa picha haimwelekezi, huaminika kwamba jibu lake litabeba hofu, matumaini na mpangilio wa fikra zake. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Hermann Rorschach, alichapisha kadi 10 za madoa ya wino. Mwaka 1935 Christiana Morgan na Henry Murray wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walieleza kipimo cha picha za watu: anayepimwa hutunga kisa, akieleza kinachotokea, kilichotangulia, hisia za wahusika na mwisho wake.

Afrika Mashariki nayo imeviona vipimo hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Robert Edgerton alitumia madoa ya wino, picha na maswali kulinganisha wakulima na wafugaji miongoni mwa Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei. Lengo lake lilikuwa kulinganisha jamii, si kumtambulia mtu mmoja ugonjwa.

Mipaka yake

Baadhi ya alama za kipimo cha madoa, hasa zinazohusu kuvurugika kwa fikra, zina ushahidi mzuri. Nyingine nyingi zina ushahidi dhaifu. Lugha nayo huathiri majibu. Mgonjwa anayefikiri kwa Kisukuma lakini akaulizwa kwa Kiswahili anaweza kujibu kwa ufupi; vilevile mtu anaweza kufupisha maneno kwa heshima mbele ya mganga. Ufupi huo usihesabiwe kuwa uhaba wa fikra.

Mwili kabla ya hulka

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu, zebaki huchanganywa na mchanga wenye dhahabu, kisha mchanganyiko huchomwa. Mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo na figo. Dalili zake ni kutetemeka mikono, hasira, kukosa usingizi, kusahau, haya isiyo ya kawaida na huzuni. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima afya wachimbaji wa Rwamagasa, wilayani Geita, kwa sababu ya madhara hayo.

Mgonjwa wa namna hii akioneshwa picha, huenda akasimulia visa vya woga na ugomvi. Msomaji wa majibu akiandika kuwa hiyo ndiyo hulka yake, mgonjwa atarudi mwaloni na sumu itaendelea kumwingia. Picha huonesha hali ya mtu. Haisemi imesababishwa na nini.

Kwa mtumishi wa afya

1. Uliza kazi ya mgonjwa, nani huchoma zebaki, na kama huchomewa nyumbani.
2. Mwambie anyooshe mikono na aandike jina lake, uone kama anatetemeka.
3. Kumbuka visababishi vingine: pombe, ugonjwa wa tezi ya shingo, msongo na sonona.
4. Palipo na shaka ya zebaki, mpe rufaa akapimwe mkojo, na aondolewe kwenye mvuke mara moja.
5. Vipimo vya picha vifanywe na mwanasaikolojia aliyefunzwa, wala visiwe msingi pekee wa uamuzi.
6. Anayezungumzia kujiua asisubiri kipimo chochote. Apewe msaada siku hiyo hiyo.

Kwa mgonjwa na jamaa

Katika kipimo cha picha hakuna jibu la kufaulu wala kufeli. Una haki ya kuuliza kinapimwa nini, nani atasoma majibu, na kuomba lugha unayoimudu. Taja kazi yako bila kuficha, hata kama hukuulizwa. Usichome zebaki jikoni wala karibu na watoto au mama mjamzito.

Swali la kujadili kituoni: katika wagonjwa wa mwezi huu walioandikwa kuwa na tabia ngumu, wangapi waliulizwa kazi yao?