Tovuti za Watoboa Siri: Zimebadilisha Nini Magazetini?

Mimi nasomea uhandisi, si uandishi wa habari. Lakini jambo hili linatugusa, na kwetu Afrika Mashariki lilifika mapema.

Tarehe 31 Agosti 2007 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika juu ya ripoti ya kampuni ya Kroll, kuhusu mali iliyodaiwa kuporwa Kenya enzi za Rais Moi. Serikali ya Kibaki ndiyo iliyoagiza uchunguzi, kisha ripoti ikafungiwa kabatini. Aliyeianika? Tovuti changa, WikiLeaks. Hilo ndilo badiliko la kwanza: msomaji hakuishia kwenye "habari za kuaminika zinasema". Aliwekewa waraka wenyewe.

La pili ni ushirikiano. Zamani kila gazeti lilificha habari yake mpaka asubuhi. Mwaka 2016 zikaja Panama Papers: faili milioni 11.5, terabaiti 2.6. Hiyo si kazi ya ofisi moja! Gazeti la Ujerumani lililozipata, Süddeutsche Zeitung, lilizigawa kupitia muungano wa ICIJ kwa waandishi zaidi ya 300. Hapo na sisi wa kompyuta tukapata kazi: kuzipanga faili ili zitafutike.

La tatu ni kumlinda mtoa habari. Faili hubeba alama zilizojificha, kama jina la kompyuta na saa iliyoandikwa. Ndiyo maana tangu 2013 magazeti kadhaa yanatumia SecureDrop, ambapo mtu hutuma waraka kupitia mtandao wa Tor bila kutaja jina. Hata mhariri akibanwa, hana jina la kutoa.

Ila mitambo haimalizi kila kitu. Chelsea Manning, aliyeipa WikiLeaks nyaraka za Marekani, alinaswa mwaka 2010 kwa sababu alimwamini mtu akamsimulia. Mwaka 2013 akahukumiwa miaka 35. Akaachiwa 2017 baada ya kupunguziwa adhabu. Na Septemba 2011 WikiLeaks ilimwaga nyaraka zaidi ya 250,000 za kibalozi bila kufuta majina ya watu. Magazeti yaliyoshirikiana nayo yaliilaani, na kwa haki kabisa.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba mhariri kapitwa na wakati. Waraka ni malighafi tu. Wewe pia, ukiletewa waraka wa siri kutoka nyumbani, kabla hujausambaza jiulize: Ni wa kweli? Umma unauhitaji? Nani ataumia jina lake likionekana?