Saa ya Mkono

Mtoto mmoja wa Newala alipewa saa ya mkono yenye rangi nyingi na picha ya twiga. Siku moja alitaka kwenda Masasi kumtazama mamaye aliyelazwa hospitali. Akaambiwa, "Gari litaondoka saa mbili asubuhi." Mshale mfupi ulikuwa ukikaribia 8, yeye akangoja ufike 2. Gari likamwacha.

Alikosa wapi? Nambari za saa huhesabiwa tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Waswahili huhesabu tangu jua lichomozapo na tangu likuchwapo, yaani saa sita baadaye. Basi mshale mfupi ukiwa juu ya 8, itazame nambari iliyo ng'ambo ya pili: ni 2. Ndiyo saa mbili.

Saa isiyosomwa ni bangili tu.