SOMO LA KATIBU: TAARIFA NI MALI YA MWANACHAMA



Kila katibu wa chama cha msingi anajua kwamba shilingi ya mwanachama ikiingia ofisini haina budi kukatiwa stakabadhi, kuandikwa daftarini na kutolewa hesabu mbele ya Mkutano Mkuu. Je, ni wangapi kati yetu wanaoitunza taarifa kwa uangalifu huo? Barua kutoka Halmashauri ya Wilaya ikifika, hupigwa mhuri wa kupokelewa na kutiwa jaladani, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Somo hili lina nia ya kuonyesha kwamba hapo ndipo kazi inapoanza.

Katika msimu wa 2022/23 Serikali ilitoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ya DAP uliuzwa kwa shilingi 70,000, hali bei yake sokoni ilikuwa imevuka 100,000. Ili kupata bei hiyo, mkulima alitakiwa awe ameandikishwa na kupewa namba yake. Msimu ule mwandishi wa somo hili alikuwa katika ofisi ya chama kimoja, akaingia mama mmoja mjane kuuliza kwa nini muuzaji wa pembejeo amemrudisha mikono mitupu. Mama huyo hakuwa na namba. Tangazo la kuandikishwa lilikuwa limekwisha kufika ofisini wiki kadhaa nyuma; lilikuwamo jaladani, limepigwa mhuri vizuri kabisa. Alipokuja kuandikishwa, mvua za kupandia zilikuwa zimempita. Katibu wa chama kile hakuiba hata senti moja, lakini mwanachama wake alipata hasara.

1. Kwa nini jambo hili ni la ushirika

Wapo wasemao kwamba habari za Serikali ni kazi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji, nasi tushughulike na mazao. Usemi huo si sahihi. Misingi 7 ya ushirika iliyokubaliwa na vyama vya ushirika vya dunia mwaka 1995 inataja elimu, mafunzo na taarifa katika msingi wa 5, na kuijali jamii katika msingi wa 7. Kwa hiyo, ubao wetu wa matangazo humhudumia pia jirani asiye na hisa katika chama. Huyo anayesoma ubaoni leo huenda akawa mwanachama wa kesho.

2. Taarifa ambazo mkazi anazihitaji

Ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni ya mikutano. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao hutakiwa kufanyika walau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Mkazi asiyejua siku ya mkutano huwa ameachia wengine wamwamulie.

Ya pili ni ya misaada na huduma: ruzuku, chanjo za mifugo, ziara za maafisa ugani na mikopo. Mfano ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi huikosa kwa sababu tu ya kusikia habari baada ya tarehe kupita.

Ya tatu ni ya chama chenyewe. Mahali penye mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hukabidhi mazao kwanza na kuijua bei baada ya mnada. Basi ni haki yake kuona ubaoni bei ya mnada, kila makato kwa jina lake na kiasi chake, na fedha inayobaki mkononi mwake. Makato yasiyoelezwa ndiyo yanayozaa fitina, na fitina imekwisha kuvunja vyama vingi.

3. Njia za kuifikisha taarifa

Ubao ni njia nzuri, lakini hautoshi. Tukumbuke kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio pekee isingeweza kuchimba choo hata kimoja. Kilicholeta matokeo ni kwamba kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa. Watu walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kutenda. Siku hizi wengi wana simu za mkononi, na ujumbe husambaa upesi, lakini somo la mwaka 1973 halijachakaa: ujumbe bila mtu wa kuufafanua husahaulika.

Kwa hiyo, kila tangazo lipite njia tatu: libandikwe ubaoni, litumwe kwa simu, na lisemwe kwa mdomo mahali watu wanapokutana, kama vile kwenye mizani siku ya kupokea mazao, msikitini, kanisani na gulioni. Wako wanachama wasiojua kusoma na wako wasio na simu. Kila mjumbe wa Bodi apewe kitongoji chake cha kupeleka habari, na katibu awe na majina yao.

Tangazo lenyewe liandikwe kwa maneno machache na herufi kubwa, likijibu maswali matano: ni jambo gani, linamhusu nani, ni wapi, mwisho wake lini, na mtu aje na nini mkononi. Barua ya ofisi ibandikwe kama ilivyo, ila chini yake pawepo maelezo hayo kwa lugha nyepesi.

4. Daftari la Matangazo

Chama kifungue daftari lenye safu sita: tarehe ya kupokea, ilikotoka taarifa, jambo lenyewe, tarehe ya kutangazwa, njia zilizotumika, na tarehe ya kuondolewa. Safu ya mwisho isidharauliwe. Mikopo ya asilimia 10 iliyotajwa hapo juu ilisimamishwa mwezi Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tangazo la mwaka 2022 lililoachwa ubaoni baada ya hapo lilimtembeza mtu hadi wilayani kwa nauli yake, akaambiwa arudi nyumbani. Tangazo lililopitwa na wakati ni sawa na mizani mbovu: humdanganya anayeitegemea.

Daftari hili lisomwe katika kila kikao cha Bodi, kama lisomwavyo daftari la fedha.

5. Taarifa isipopatikana

Yako mambo ambayo hayaji ofisini yenyewe. Hayana budi kufuatwa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi katika ofisi ya umma, na ofisi hiyo hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Katibu amsaidie mwanachama kuandika ombi hilo kwa adabu na kwa uwazi, na nakala ihifadhiwe. Kuuliza si ujinga, wala si uchochezi.

Maswali ya majadiliano

1. Ni taarifa gani iliyowahi kutuchelewa msimu uliopita? Ilikwama wapi, na nani alipata hasara?

2. Ni kitongoji gani kisichofikiwa na matangazo yetu? Mjumbe gani atakishika?

3. Katibu na Mwenyekiti waende ubaoni leo pamoja na wanachama. Ni matangazo mangapi yaliyopo ambayo tarehe yake imekwisha kupita?

Majibu ya swali la tatu yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa Daftari jipya la Matangazo.